Mashine ya Futi Nne

Sheikh Humoud alikuwa ameshawaambia watu wa Mintirib, mji mdogo wa Oman ukingoni mwa jangwa, kwamba mashine inayokuja ni ya futi sita. Alilisema msikitini baada ya sala ya Ijumaa, akalisema tena kwenye arusi ya jirani, na mwanawe alipokuja kutoka Sur kumtazama, alimchukua mpaka njia ya zahanati akamnyooshea mikono miwili kumwonyesha upana wake. Kwa hiyo Marhoun alipokwenda barazani kwake asubuhi moja ya mwezi wa Machi, mwaka 1983, na kumwambia kwamba futi sita hazitafaa, neno hilo lilikuwa zito kwao wote wawili.

"Hazitafaa kwa nini?" aliuliza Humoud. Alikuwa anamimina kahawa, na mkono wake haukusita.

"Trekta yetu ni ndogo, Sheikh. Haina pawa ya kuizungusha mashine hiyo."

"Nani kasema?"

"Mimi nasema."

"Umeiona?"

"Sijaiona. Nimesoma kijitabu ulichokuja nacho kutoka Ruwi."

Humoud akampa finjani. "Zuhair, yule kijana wa dukani, kaniambia futi sita itasafisha njia nzima kwa kwenda mara moja tu. Ile ya futi nne kaiita ya kuchezea. Na mie watu nshawaambia, yaa Marhoun. Khalas, yamekwisha."

Marhoun alikunywa kahawa yake, akatikisa finjani kuonyesha kwamba imemtosha. Hakubisha zaidi siku ile. Humoud hakuwa mtu wa kubishana naye ovyo. Mwaka 1974 Marhoun aliposhuka ndege kutoka Tabora, akirudi nchi ya babu zake, yeye na mkewe Rahila na watoto watatu, Kiarabu chake kikiwa cha sala tu, Humoud ndiye aliyewapokea. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa Pemba miaka kumi na minane akinunua karafuu, na Kiswahili chake kilikuwa kitamu kuliko cha Marhoun. Aliwapa chumba, kisha akampa Marhoun kipande cha ardhi kando ya barabara kuu ajenge gereji, na kila pampu iliyogoma mashambani aliagiza ipelekwe kwake. Kamati ya mji ilipopata trekta, trekta ndogo nyekundu ya Kijapani, Humoud akiwa mwenyekiti wa kamati alisema dereva wake atakuwa Marhoun, na hakuna aliyepinga.

Mashine yenyewe ilihitajika kwa ajili ya mchanga. Njia ya zahanati ilikuwa ya changarawe, kilomita moja na nusu kutoka barabara ya lami mpaka nyumba za mwisho za kusini, pale mji unapokwisha na mchanga wa jangwa la Wahiba unapoanza. Miezi ya baridi ilikuwa njia kama njia nyingine. Ikifika miezi ya joto upepo wa kusini ulibeba mchanga na kuulaza juu yake, sehemu tatu, kila mwaka pale pale, kina cha magoti. Mabedui walijua kuvuka. Walipunguza upepo kwenye mipira ya magari yao wakapita wakizungumza. Lakini wagonjwa wengi walitoka vijiji vya kando ya lami, kwa teksi na pikapu za kawaida, na hizo zilizama.

Mwaka uliotangulia, mwezi wa Agosti, teksi ilizama kwenye mchanga wa pili ikiwa na mke wa mwalimu mmoja, uchungu umeshamshika. Bi Ghalia, mkunga wa zahanati, alikwenda kwa miguu mbio na mkoba wake, jua la mchana likiwa utosini. Mtoto alizaliwa kwenye kiti cha nyuma cha teksi. Mama alipona, mtoto hakupona. Bi Ghalia hakupenda kulizungumza jambo hilo. Alichofanya ni kwenda kwenye kikao cha kamati, mwanamke peke yake kati ya wanaume kumi na mmoja, akakaa karibu na mlango mpaka njia ya zahanati ikawa jambo la kwanza kwenye orodha yao.

Walianza na bamba la chuma la kusukumia, lililofungwa nyuma ya trekta. Marhoun alisukuma mchanga pembeni, huku na huku, njia ikaonekana safi. Upepo ulipovuma tena, mchanga uliopita ulikuta ngome mbili zimejengwa kandokando, ukatulia katikati yao, ukawa mwingi kuliko mwanzo.

"Tunaujengea nyumba," Marhoun aliiambia kamati. "Lazima utupwe mbali, upande ambao upepo unakwenda, usirudi."

Ndipo Humoud aliposikia kwamba kampuni moja ya Ruwi, huko Maskati, ina mashine mbili za kutupa theluji. Zilikuja pamoja na shehena ya zana za trekta, hakuna aliyeziagiza, na zilikuwa zimekaa uani zikipigwa jua. Mbele zina parafujo kubwa ya chuma iliyolala, inayokusanya kutoka pembeni kuleta katikati, na nyuma ya parafujo kuna feni nzito inayorusha kila kilicholetwa kupitia bomba lenye shingo ya kugeuka. Zinafungwa nyuma ya trekta na kuzungushwa na shafti yake ya nyuma. Moja ilikuwa ya futi sita, nyingine ya futi nne.

Marhoun alikuwa na sababu ya kutokuipenda ile kubwa kabla hajaiona. Akiwa kijana alifanya kazi miaka kumi na mmoja kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba, upande wa Shinyanga. Huko aliona mameneja watatu, mmoja baada ya mwingine, wakiongeza mashine kwenye injini ile ile kwa sababu mashine nyingi zilipendeza macho ya wageni, na aliwaona wote watatu wakisimama gizani injini ikiwa imezimika na pamba imekwama kooni. Alijifunza kwamba injini haitishiki wala haibembelezwi. Ina nguvu iliyo nayo, basi.

Trekta yao ilikuwa na nguvu ya farasi ishirini na nne. Lakini hiyo ni nguvu ya injini. Kwenye shafti ya nyuma, baada ya gia kuchukua chao, zinabaki kama ishirini tu. Kijitabu kilikuwa na jedwali: mashine ya futi sita inataka farasi thelathini na zaidi, ya futi tano inataka ishirini na tano, ya futi nne kumi na nane. Jambo moja tu lilimsumbua. Jedwali lilikuwa la theluji, na yeye theluji hajapata kuiona.

Bi Ghalia aliiona. Alizaliwa Malindi, Unguja, na mwaka 1966, akiwa binti wa miaka ishirini na mbili, alipelekwa Ujerumani ya Mashariki kusomea ukunga. Alikaa huko baridi nne. Jioni ile, kabla ya Magharibi, Marhoun alikwenda zahanati na kijitabu chake mkononi.

"Bi Ghalia, theluji ina uzito gani?"

Bi Ghalia alikuwa anaanua mashuka kwenye kamba. Alimtazama aone kama anatania. "Theluji? Inategemea. Iliyoanguka usiku huo ni kama sufi, Fundi. Tulikuwa tunaisogeza kwa sepetu mbele ya bweni, wanafunzi wa kike, na hatuchoki. Iliyokaa siku nyingi ndiyo nzito."

"Ukijaza kopo?"

Akafikiri. "Siku moja maji ya bomba yaliganda, tukajaza ndoo theluji tukaiweka juu ya jiko. Ndoo nzima. Tulipata maji kidogo tu, hayakutosha hata kuosha uso watu wawili."

"Kama sehemu ya kumi ya ndoo?"

"Ndiyo, kiasi hicho."

Marhoun aliomba kopo. Bi Ghalia akaleta la samli, la lita nne, tupu, na bila kuulizwa akaleta na mizani ya kupimia watoto. Walitoka nje ya ukuta, hatua tano tu, wakajaza mchanga na kuukata juu kwa kipande cha mbao. Mizani ikaonyesha kilo sita na nusu, wakatoa uzito wa kopo, zikabaki sita.

"Theluji yake ingekuwa gramu mia nne hivi," alisema Bi Ghalia polepole. "Mchanga ni mara kumi na tano."

"Mara kumi na tano," Marhoun alirudia. Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyethibitishiwa. "Basi hata hiyo ya futi nne tutaipa kazi kubwa."

"Kwa nini usichukue ndogo zaidi ya hiyo?"

Marhoun alikuwa ameshalifikiria. Alitoa mfukoni uzi wenye mafundo mawili. "Huu ni upana wa trekta, ukingo wa gurudumu la huku mpaka ukingo wa gurudumu la kule. Inchi arobaini na nne. Futi nne ni inchi arobaini na nane. Kwa hiyo mashine inapita nje ya magurudumu, inchi mbili kila upande. Ingekuwa nyembamba kuliko hivyo, magurudumu yangekanyaga mchanga ambao haujaondolewa. Futi nne ndiyo ndogo ya mwisho inayofaa, na ndiyo kubwa ya mwisho tunayoiweza."

Bi Ghalia alikunja shuka la mwisho. "Umemwambia Sheikh?"

"Nimemwambia. Ameshawatangazia watu futi sita."

"Basi mwambie tena," alisema. "Wewe njia ile unaipita, lakini mie najua nini kinatokea ikifungwa."

Siku tatu baadaye Humoud na Marhoun walikwenda Ruwi. Waliondoka alfajiri kwa lori la kukodi, na trekta ikiwa imefungwa juu yake, kwa sababu Marhoun alisema hataki kununua kitu ambacho hakijafungwa kwenye trekta yao wenyewe. Humoud alikubali hilo. Njiani walizungumza habari za mitende na habari za watoto, na walipopita mji wa Ibra walisimama kunywa chai. Pale, glasi ikiwa mkononi, Marhoun alimwambia habari ya kopo na mizani.

Humoud alisikiliza mpaka mwisho. "Wewe na Ghalia mmekaa mnapima mchanga kwa mizani ya watoto."

"Ndiyo, Sheikh."

"Na mie niwaambie nini watu?"

"Sheikh, mwaka sabini na nne ulinipa mahali pa kulala mimi na wanangu. Mtu mwingine ningeweza kumnyamazia nikamwacha anunue anachotaka. Wewe siwezi."

Humoud alimaliza chai yake, akarudi kwenye lori. Safari iliyobaki alitazama milima.

Uani kwa kampuni, Zuhair aliwapokea kwa adabu. Alikuwa kijana wa Kiomani aliyezaliwa Unguja na kukulia Maskati, Kiswahili chake kikikimbilia Kiarabu kila baada ya maneno matatu. "Shikamoo, Sheikh. Shikamoo, Fundi. Tafadhalini. Mashine hizi hapa, zote wahid wahid, moja moja, mpya kabisa." Aligusa ile kubwa. "Hii ndiyo Sheikh kaitaka. Ile ya pili saghira, ndogo tu, ya bustani."

Marhoun aliizunguka ile kubwa mara mbili. Ilikuwa mashine nzuri, hakuna wa kukataa: chuma kinene, rangi ya chungwa isiyo na mkwaruzo, parafujo ya kimo cha mtoto wa miaka mitano. Akauliza uzito wake. Zuhair akaangalia karatasi: kilo mia tatu na arobaini. Ile ndogo, kilo mia na tisini.

"Kule mwisho wa ua kuna mchanga wa wajenzi," alisema Marhoun. "Tuijaribu hapo."

Zuhair alisita. Hajapata kuulizwa jambo hilo. Alikwenda ndani kumuuliza mkubwa wake, akarudi akasema hapana shaka, mradi mchanga usirushwe upande wa magari mapya.

Walichukua saa nzima kuifunga ile kubwa. Marhoun alipoinua mikono ya nyuma ya trekta, mashine ilinyanyuka, na magurudumu ya mbele ya trekta nayo yakanyanyuka, kiganja kimoja kutoka chini, yakabaki yanaelea. Wafanyakazi wawili waliokuwa wanatazama walicheka. Marhoun hakucheka. Aliomba mifuko miwili ya saruji, akaifunga mbele kwa kamba, magurudumu yakarudi chini. Kisha akakaa kitini, akageuza shingo kutazama nyuma, kwa sababu mashine ya namna hiyo inafanya kazi trekta ikirudi kinyumenyume, akaiunganisha shafti, akaachia klachi taratibu.

Parafujo ilianza kuzunguka. Akarudi kinyumenyume kuuingia ule mchanga. Meno ya chuma yaliuma, mchanga ukasogea katikati kwa kishindo, na kutoka kwenye bomba ukatoka mrundo mmoja ulioanguka karibu tu, kama vile mashine imekohoa. Injini ikaguna, sauti ikashuka, ikashuka tena, moshi mweusi ukatoka, ikazimika. Trekta ilikuwa imesogea hatua moja na nusu.

Marhoun akaiwasha tena. Safari hii alikwenda na gia ya chini kabisa. Ilisogea hatua mbili, pakasikika mlio mkali, na parafujo ikasimama huku injini ikiendelea. Alishuka akawaonyesha: bolti moja kwenye shafti ilikuwa imekatika vipande viwili.

"Imeharibika?" Humoud aliuliza.

"Haikuharibika, Sheikh. Bolti hii imewekwa makusudi iwe laini. Mzigo ukizidi inakatika yenyewe, ili gia zisivunjike. Ndiyo namna yake ya kusema hapana."

Zuhair alikuwa ameshika kijitabu, akisoma jedwali kwa mara ya kwanza kwa makini. Tumpe haki yake, ni yeye aliyesema, "Sheikh, wallahi mie nilidhani kubwa ndiyo bora. Hapa imeandikwa thelathini."

Ile ndogo ilifungwa kwa nusu saa. Mfuko mmoja wa saruji ulitosha mbele. Marhoun aliigeuza shingo ya bomba upande wa ukuta, akaweka gia ya chini, akauingia mchanga kinyumenyume kwa nusu ya kimo cha mashine, siyo kimo chote. Injini ilipunguza sauti kidogo ilipopata mzigo, kisha ikakaa pale pale, imara, sauti moja. Mchanga ukatoka bombani kama maji ya pampu, ukapaa juu, ukaenda kutua hatua kumi na mbili mbali, karibu na ukuta. Akarudi kinyumenyume pole, hatua tano, kumi, kumi na tano. Alipofika mwisho wa mrundo, nyuma yake palibaki mfereji ulionyooka kama uliochorwa kwa rula, na magurudumu yakipita ndani yake bila kukanyaga mchanga wowote.

Humoud alikwenda akasimama ndani ya mfereji ule. Aliupima kwa miguu yake, unyayo mbele ya unyayo. Akainama akachota mchanga, akauacha umwagike kati ya vidole. Marhoun alizima injini akangoja.

"Gari haipiti hapa," Humoud alisema mwishowe.

"Mara moja haipiti. Nikienda mara mbili inapita."

"Na itakuwa polepole."

"Itakuwa polepole, lakini itafika."

Humoud alijipangusa mikono, akarekebisha kilemba chake. "Zuhair," alisema, "tuandikie ile ya futi nne. Na hizo bolti laini utupe nyingi."

Walirudi siku ile ile. Karibu na Ibra, Humoud alisema bila kugeuza uso, "Wangekuwa watu wengine, wangeniacha niibebe ile kubwa mpaka nyumbani."

Mji ulichukua wiki nzima kuizoea. Vijana waliiita mkasi, kwa udogo wake. Mzee mmoja alimuuliza Humoud futi mbili zilizobaki ziko wapi, na Humoud alimweleza habari za farasi na shafti kwa urefu mpaka yule mzee akajuta kuuliza. Marhoun alitumia miezi ya Aprili na Mei kuiandaa. Alimimina zege kwenye pipa lililokatwa, akalifunga mbele ya trekta badala ya saruji. Alijua mchanga utakula chuma cha feni kama msasa, basi akaenda Sinaw, ambako malori mabovu yalikuwa yamelala nyuma ya soko la mifugo, akanunua majani ya springi, akayakata na kuyaungia kwenye mapanga ya feni. Bi Ghalia alimtafutia miwani ya plastiki ya kuzuia vumbi.

Upepo ulikuja tarehe nne Juni. Ulivuma siku tatu mfululizo, mchana mbingu ikiwa na rangi ya manjano, na asubuhi ya nne ukatulia. Siku hiyo ilikuwa ya chanjo. Bi Ghalia alikuwa ameshapeleka habari vijijini tangu mwezi uliopita, kwamba watoto wote waletwe wachanjwe surua na kupooza, na dawa ilikuwa imefika kutoka Ibra kabla ya upepo, imo kwenye friji ya zahanati.

Marhoun alifika kwenye mchanga wa kwanza jua likichomoza. Ulikuwa na urefu wa hatua hamsini. Alijifunga kilemba puani, akavaa miwani, akatazama upepo mdogo uliobaki unaelekea wapi, akaigeuza shingo ya bomba huko. Kisha akageuza kichwa nyuma na kuanza.

Alifanya kazi tabaka kwa tabaka. Nusu ya kimo kwanza, aende mpaka mwisho, arudi, ashushe mashine, amalizie. Kisha upande wa pili hivyo hivyo. Mchanga wa kwanza ulikwisha kabla ya saa mbili. Kufikia wakati huo, pikapu zilikuwa zimeanza kusimama nyuma kwenye lami, moja, tatu, sita, wanawake wamekaa nyuma na watoto mapajani chini ya mashela. Teksi mbili nazo zikaja.

Humoud alikuja na gari lake, akatembea kwa miguu mpaka alipo. "Wanawake wanangoja juani. Huwezi kuongeza mwendo?"

Marhoun alipunguza injini ili asikike. "Nikiongeza itakatika bolti. Nikipoteza bolti napoteza dakika kumi. Mwendo huu ndio wa haraka, Sheikh."

"Watapita saa ngapi?"

"Saa tano."

Humoud alirudi kwenye pikapu. Alionekana akienda kutoka moja hadi nyingine, kisha akatuma mtu mjini, na baada ya muda kidogo yakaja matangi mawili ya maji baridi na turubai kubwa. Wakalifunga kati ya pikapu mbili, wanawake wakashuka kukaa kivulini.

Mchanga wa pili ndio uliokuwa mkubwa, hatua sabini, na katikati yake kulikuwa na kigogo cha mtende kilichofukiwa, ambacho hakuna aliyejua kipo. Mashine ikakigonga. Mlio mkali, parafujo ikasimama. Baadhi ya watu kwenye lami walisimama kutazama. Marhoun alishuka, akatoa bolti nyingine mfukoni, akaondoa vipande vya ile iliyokatika kwa nyundo na msumari mnene, akaweka mpya. Kigogo akakivuta kwa mnyororo. Vidole vyake vilikuwa vinaungua kwenye chuma, lakini aliendelea. Alikuwa mahali anapopajua: mashine yenye ukubwa wake, injini yenye nguvu yake, na kazi mbele yake isiyohitaji zaidi ya hapo.

Alipokuwa anamalizia mchanga wa pili, Bi Ghalia alikuja kutoka upande wa zahanati, kwa miguu, mwavuli mkononi.

"Fundi, nina sindano zinachemka jikoni na sina mtoto hata mmoja. Nianze kuwaita waje kwa miguu?"

"Usiwatembeze watoto na jua hili. Umebaki mmoja, hatua ishirini."

Alitazama nyuma yake, kwenye njia iliyokwisha kufunguliwa, akatazama na mchanga uliobaki. Alisimama pale pale, mahali ambapo mwaka uliopita alipiga magoti kando ya teksi. Marhoun alijua ni pale. Bi Ghalia alifungua mwavuli wake akageuka. "Basi nakwenda kuongeza maji kwenye sufuria," alisema.

Saa tano kasorobo mchanga wa mwisho ulifunguka. Marhoun aliinua mashine, akasogeza trekta pembeni, akawapungia mkono. Pikapu ya kwanza ilikuja pole, dereva akichungulia dirishani kama anapita juu ya daraja jipya. Ikapita. Ya pili ikapita, na ya tatu, mpaka zote nane, na teksi mbili, na wanawake waliokuwa wamefunika nyuso kwa ajili ya vumbi wakafunua kidogo kumtazama mtu aliyekaa juu ya trekta ndogo nyekundu. Mmoja wao, bibi wa makamo mwenye mjukuu begani, alimwombea dua kwa sauti, na Marhoun akaitikia amina.

Siku ile Bi Ghalia alichanja watoto sitini na wanane. Marhoun hakukaa kuwahesabu. Alipeleka trekta gerejini, akaondoa kifuniko cha feni, akapitisha kidole kwenye makali ya mapanga. Springi za lori zilikuwa zimelika kidogo tu, chini ya unene wa kucha. Zingefika mwisho wa msimu akizigeuza mara moja. Alimwita Rahila kutoka ndani amletee maji, akanywa amesimama, kisha akachukua brashi na kuanza kutoa mchanga kwenye minyororo ya parafujo.

Msimu ule njia ilizibwa mara saba, na mara zote saba ilifunguliwa siku ile ile. Mwezi wa Septemba watu wawili walikuja kutoka kijiji cha mbele, waliosikia habari na waliotaka mashine kama ile. Walimkuta Marhoun chini ya lori. Walimuuliza wachukue ya futi ngapi.

Marhoun akatoka chini ya lori akajifuta mikono. "Kwanza," alisema, "nionyesheni trekta yenu."